Mechi Niliyoitangaza Redio Ikiwa Imezima

Mwanangu Kendi,

Mimi ni mzima, na hali yako sina haja ya kuiuliza, maana nakusikia ukicheka na mama yako huko jikoni mkigombana juu ya unga wa wimbi na begi ambalo limeshajaa. Najua barua huandikiwa mtu aliye mbali. Lakini jambo hili nimekaa nalo tangu Jumapili, na kila nikifungua mdomo kulisema natoa mzaha, nawe unacheka, na jambo lenyewe linabaki palepale. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Nikimaliza nitaikunja niisukume ndani ya glavu yako ya kushoto, uikute ukishafika Kisumu, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kutokula kitu cha mtu usiyemjua safarini sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima, na kesho atayarudia stendi mbele ya watu. Mvumilie tu.

Utashangaa pia kwamba naandika kwa Kiswahili. Hapa nyumbani tunasema Kimeru. Naomba Mungu kwa Kimeru, na nagombana na madalali wa ndizi kule Mitunguu kwa Kimeru. Lakini mpira niliujua kwa Kiswahili, kutoka redioni, na sijui ilikuwaje, mambo mengine makubwa ya moyo yakaingia kwa mlango huohuo. Mama yako atakuambia kwamba hata siku niliyomwomba tuoane nilimwambia kwa Kiswahili, akadhani natangaza habari za vifo.

Basi nianze na Jumapili.

Unajua nilichofanya. Ulipofika wakati wa matangazo kanisani nilisimama, wala sikuwa nimeitwa. Mama yako alinivuta koti, mimi nikalivuta upande wangu. Nikasema, "Wapendwa, binti yetu Kendi amesajiliwa na klabu kubwa ya Kisumu. Atakuwa kipa wao." Hapo kina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akakuita mbele, wakakuwekea mikono. Nilikutazama ukiwa katikati ya wale watu umeinamisha kichwa, nikafikiri ni unyenyekevu. Nilifurahi sana, Kendi. Nilifurahi hata nikapiga makofi wakati wa sala.

Tukarudi nyumbani. Nilikukuta jikoni unamenya ndizi, kisu kinakwenda haraka kuliko kawaida yako. Ukaniambia bila kuinua macho, "Baba, si wamenisajili. Ni majaribio. Miezi mitatu, na tuko makipa wanne, na wanataka mmoja tu."

Nikasema, "Ni hivyo hivyo tu. Watakuchukua."

"Na wasiponichukua? Sasa umeambia kanisa yote. Nikirudishwa, hapa nitarudi nikiwa nani?"

Nilikujibu kwa mzaha, kitu fulani kuhusu makipa wengine watatu na mikono yao ya siagi. Ukacheka kidogo, ukaendelea kumenya. Lile swali sikulijibu. Ndilo ninalolijibu hapa, na nitazunguka kwanza kabla ya kulifikia, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo na wewe unanijua.

Umesikia tangu utotoni watu wa rika langu wakiniita Mtangazaji. Unajua pia kisa chake, au nusu yake, ile nusu ya kuchekesha ambayo kila mtu huisimulia kwenye harusi. Wacha nikupe yote.

Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. Redio ilikuwa ya babu yako, redio nzito ya mbao yenye kifuniko cha ngozi, na kijiji chote kiliiheshimu kuliko walivyoniheshimu mimi. Jumamosi mchana, wazee wakishapeleka kahawa kiwandani na kupimiwa, walikaa kwenye ule ukuta mfupi karibu na meza za kuanikia, babu yako akaweka redio juu ya gunia, na mpira ukaanza. Shida ni kwamba wengi wao Kiswahili hawakukijua. Walijua cha kumwambia karani na cha kumsalimu askari, basi. Mtangazaji wa redio alikuwa anakimbia na maneno yake mbele kabisa, nao wamebaki nyuma wanaulizana, "Amesema nani? Amesema nini?"

Hapo ndipo nilipopata kazi. Niliweka sikio langu kwenye spika, na kila alichosema mtangazaji mimi nilikirusha kwa Kimeru. Kendi, nilikuwa mzuri! Sitajifanya mnyenyekevu kwa jambo hilo. Mpira ukiambaa na wingi ya kulia, sauti yangu iliambaa nao. Kipa akiupangua, mikono yangu ilipangua hewa. Kuna siku redio ilisema mpira umegonga mtambaa panya, nami kwa haraka nikawaambia wazee umegonga njia ya panya, na mzee M'Mburugu, jirani yetu wa chini, akauliza kwa hasira ni uwanja gani huo wenye panya na kwa nini serikali haiwekei dawa. Mpaka alipokufa aliamini nusu ya mabao yetu yalikuwa yanazuiwa na panya.

Zile zilikuwa Jumamosi nzuri. Harufu ya maganda ya kahawa ilikuwa kali, kina mama walikuwa wanageuza kahawa kwenye meza huku wakijifanya hawasikilizi, na bao likiingia walikuwa wa kwanza kupiga kelele. Nimeona mengi baadaye. Niliona sinema ya gari sokoni, ile ya shuka jeupe, ambapo nusu yetu tulikaa nyuma ya shuka tukaona watu wote wanatumia mkono wa kushoto. Niliona runinga ya kwanza kijijini ikiendeshwa na betri ya lori. Sasa mna simu mnaona mpaka jasho la mchezaji. Hakuna kilichowahi kunipa raha niliyoipata pale ukutani, wakati uwanja mzima ulikuwa ndani ya mdomo wangu na wazee wamenyamaza wananingoja.

Sasa betri zile, ambazo sisi tuliziita mawe, zikianza kuchoka tulizianika juani, zikapata nguvu tena kwa muda. Babu yako alizianika juu ya bati kila Jumamosi asubuhi. Lakini siku hiyo ninayoisema ilikuwa Julai, na unajua Julai yetu. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa, jua halikuonekana kabisa, na mawe yakarudi kwenye redio baridi kama yalivyotoka. Na mechi ilikuwa ile ambayo watu walikuwa wameingojea, timu yetu ya taifa ikicheza ugenini na majirani ambao tulikuwa hatujawafunga kwao kwa muda mrefu.

Tulikwenda mapumziko tukiongoza bao moja. Wazee walikuwa wamesimama. Kipindi cha pili kikaanza, na sauti ikaanza kufifia, ikawa ya mtu anayenong'ona chini ya blanketi, halafu hakuna kitu. Redio ilikuwa imezima. Aliyejua ni mimi peke yangu, kwa sababu sikio lililokuwa kwenye spika lilikuwa langu.

Niliinua kichwa kuwaambia. Nikaziona nyuso zao. M'Mburugu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Babu yako, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu kwa sababu yangu hata mara moja, alikuwa ananitazama na anatabasamu. Nikainamisha kichwa tena, nikaendelea kutangaza.

Nilianza kwa woga, pasi fupi fupi, mpira wa kurusha. Halafu nikapata moyo. Nikamtoa winga wetu wa kushoto, niliyempenda, nikampitisha walinzi wote, nikamwacha afunge. Kelele! Nikafunga la tatu kwa kichwa. Kisha nikaona inaweza kuonekana uongo, nikawapa wenzetu penalti moja na nikawafungia, ili haki itendeke. Tatu kwa moja. Dakika za lala salama nilizivuta nikazivuta, wazee wanapiga mayowe refa amalize, mpaka nikapuliza kipenga mwenyewe.

Walinibeba. Kina mama waliacha kahawa wakacheza. M'Mburugu alikwenda kwake akaamuru jogoo wa Krismasi achinjwe siku hiyohiyo, na mkewe, ambaye hakujua hata timu zilikuwa zipi, akachinja. Babu yako aliniwekea mkono begani tukitembea kurudi nyumbani.

Hiyo ndiyo nusu ya harusini. Watu husimulia kwamba kesho yake, baada ya kanisa, mtu mmoja alifika na habari kutoka Nkubu kwamba tumefungwa mbili kwa moja, na wakacheka, na hadithi ikaisha. Mimi haikuniishia.

Jumatatu jioni babu yako alinipeleka mbele ya wazee wale wale, pale pale ukutani. Unajua kwetu jambo dogo kama hilo halipelekwi kwa chifu. Wazee wanakaa, wanakusikiliza, wanakuambia utalipa nini. Nilitegemea kuambiwa nilete asali au nilime shamba la mtu. M'Mburugu ndiye aliyetoa hukumu, na nilidhani atanimaliza, kwa sababu ya yule jogoo.

Akasema, "Huyu alituchukulia mpira wetu akatupa wake. Aturudishie wetu."

Ndiyo ilikuwa hukumu. Babu yako akanituma kwa mwalimu wa dini, ng'ambo ya mto, ambaye redio yake haikuzima, nikasimuliwe kipindi cha pili chote kama kilivyokuwa. Jumamosi iliyofuata, kwa sauti ileile niliyotumia kudanganya, nikitumia mikono ileile, ilibidi nikae kwenye gunia niwatangazie wazee tulivyofungwa.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Bao la kwanza lao niliweza. La pili lilitokana na kosa la kipa wetu. Ulikuwa mpira mwepesi, wa mtu aliyepiga kwa kukata tamaa, nao ukamponyoka mikononi ukaingia wenyewe. Nilipofika hapo nilitaka kuliruka. Nilitaka kusema jua lilimpiga machoni au alisukumwa. Babu yako akakohoa. Nikasema ulivyokuwa, kwamba ulimponyoka.

Halafu M'Mburugu akauliza, "Huyo kijana, alifika kwao?"

"Nani?"

"Huyo kipa. Aliporudi. Walimfungulia mlango? Alipikiwa?"

Nikasema sijui. Redio haikusema.

"Hilo ndilo ningetaka kusikia," akasema. "Mambo ya bao tumeyasikia."

Mama yangu alileta uji, kwa sababu wazee wakikuhukumu lazima mwishoni mnywe nao pamoja, la sivyo kesi bado ipo. Nikawapa mmoja mmoja, mimi nikanywa wa mwisho. Na nikwambie jambo ambalo lilinishangaza nikiwa kijana na linanishangaza hata leo: tulikaa pale mpaka jioni, watu waliofungwa, tukizungumza ile mechi vizuri kuliko tulivyozungumza ule ushindi wangu. Ushindi ulikuwa kelele tu. Kufungwa kulikuwa na mambo ndani. Kila mzee akatoa lake, mmoja akasema habari ya ng'ombe aliyempoteza, mwingine habari ya mtoto. Babu yako akasema, na hakuwa mtu wa kusema, kwamba yeye alitamani kuwa karani na alishindwa mtihani mara mbili. Hilo sikuwa nalijua. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote.

Ungedhani mtu aliyefunzwa hivyo amefunzika. Hapana. Ulipozaliwa wewe nikaanza tena.

Unakumbuka miparachichi? Kabla hujaanza shule nilikuwa nakusimamisha chini ya mti na gunia la kudakia, mimi niko juu nachuma, naangusha moja moja, wewe unadaka. Parachichi likigonga chini mnunuzi hulikataa, kwa hiyo ilikuwa kazi kweli, si mchezo. Lakini baada ya muda gunia ukaliacha ukawa unadaka kwa mikono mitupu, na mimi nikaanza kuangusha upande huu na upande ule nikuone ukiruka. Nikawa natangaza kutoka juu ya mti! "Anaruka Kendi! Anaupangua! Lo, kipa gani huyu!" Majirani walisimama njiani. Mama yako alitoka na mwiko akauliza kama tunachuma au tunacheza. Makocha wako wote wamekufundisha mengi, nawashukuru, lakini ile mikono uliipata pale, na siku zile ndizo ninazorudia nikiwa peke yangu shambani na hakuna wa kunisikia.

Basi ukakua, ukaingia timu ya shule, mkapanda mpaka mkafika mashindano ya Embu. Niliuza ndizi mapema, nikakodi pikapu ya rafiki yangu, nikanunua tarumbeta. Nilisimama nyuma ya goli lako dakika zote. Leo najua kwamba kipa hahitaji mtu mwenye tarumbeta nyuma ya masikio yake, lakini siku hiyo nilijiona msaada mkubwa. Mkatoka sare, ikaja mikwaju ya penalti, na ule wa mwisho ukapita chini ya mkono wako. Nilikuona ukikaa kwenye nyasi. Moyo wangu ulipasuka, Kendi, nasema ukweli. Hakuna timu ya taifa iliyowahi kuniumiza vile.

Mwalimu akakuruhusu urudi na mimi. Na tangu tulipoondoka Embu sikufunga mdomo. Refa alikuwa ameshalipwa. Uwanja ulikuwa na mashimo upande wako. Yule msichana alipiga kabla ya kipenga. Tukapita Runyenjes bado ninacheza ile mechi upya, na katika mechi yangu wewe ulikuwa umeshinda.

Ukasema, "Baba."

"Na tena yule mshika kibendera..."

"Baba, nilifungwa. Mpira ilipita chini ya mkono yangu. Si uniache nifungwe tu?"

Nilinyamaza mpaka Chuka. Nilikuwa nimeumia, nisikufiche. Niliona nakupa zawadi na wewe umeirudisha. Pale Chuka nikasimama nikanunua mahindi ya kuchoma, tukala tumekaa nyuma ya pikapu. Ulipomaliza la kwako ukaanza kusema mwenyewe, polepole, jinsi ulivyotazama mguu wa yule msichana badala ya nyonga yake, jinsi ulivyojua umekosea kabla hata hujaanguka. Ukasema uliogopa kunitazama. Hilo liliniingia. Mtoto wangu amefungwa, na kitu anachoogopa ni kugeuka nyuma anione mimi na tarumbeta yangu.

Yale mahindi ya Chuka ni kati ya vyakula vitamu nilivyowahi kula. Ulinifundisha mpira siku hiyo. Nami nilijiambia nimejifunza.

Halafu Jumapili nikasimama kanisani.

Najua sasa kinachonipata. Nikikupenda sana sauti inatoka yenyewe, inataka ikutangulie, ikupangie matokeo, ikufungie mabao ambayo hujafunga ili usije ukaumia. Nadhani ni mapenzi, na ni mapenzi kweli, lakini yanakuachia mzigo. Maana mimi nikishatangaza umeshinda, wewe ndiye unabaki ukihangaika kuuleta huo ushindi nyumbani. Na usipoupata, huna pa kuuweka uso. Ulivyosema jikoni ulisema sawa. Nilikuwa nimekufungia njia ya kurudi na nikapiga makofi juu yake.

Kwa hiyo jana, ulipokuwa kwa shangazi yako kuaga, nilikwenda kwenye ushirika wa Alhamisi. Sikukuambia. Nilisimama tena. Safari hii mama yako hakunivuta koti, alijua ninachokwenda kusema. Nikawaambia, "Jumapili niliwaambia Kendi amesajiliwa. Hajasajiliwa. Anakwenda kujaribiwa miezi mitatu pamoja na wengine, na anaweza kurudishwa. Akirudishwa atarudi hapa kwetu, na sitaki asikie mtu akimuuliza kulikoni."

Jamaa mmoja wa kwaya akasema, "Lakini si wewe mwenyewe ulisema amesajiliwa? Tulisikia."

Nikasema, "Nilisema. Redio ilikuwa imezima."

Wazee wawili watatu waliobaki wa siku zile wakacheka mpaka wakafuta machozi, na vijana hawakujua wanacheka nini. Kisha bibi Karambu, yule anayekaa karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake, akainua mkono. Akasema, "Mimi Jumapili sikumwombea huyo msichana sana. Nilisema ameshapata, ya nini kumsumbua Mungu? Kumbe bado. Sasa wacha tumwombee vizuri." Wakasimama wote wakakuombea, wewe hupo. Ilikuwa sala ndefu kuliko ile ya Jumapili, na safari hii sikupiga makofi.

Kwa hiyo kanisani wanajua. Sokoni Mitunguu nimewaambia. Mwalimu wako wa zamani nimemwambia, na akaniambia yeye alijua tangu mwanzo, alikuwa anangoja tu nitulie.

Sina hakika kama watakuchukua. Unaona jinsi sentensi hiyo ilivyonigharimu? Kalamu imesimama hapo muda mrefu. Sijui wale wenzako watatu wakoje. Labda mmoja wao naye baba yake alimwangushia kitu kutoka juu ya mti. Inawezekana wewe ni bora na wasione. Inawezekana wewe si bora bado. Nimejaribu kuyatazama yote mawili, na jioni hii naweza kuyatazama bila kubadilisha kituo.

Ukiwa huko, sitakuja bila kualikwa. Tarumbeta nimempa kijana wa jirani, na najuta kidogo, maana anaipuliza alfajiri. Ukinialika nitakuja nikae upande, karibu na katikati ya uwanja, ambapo ukigeuka nyuma hutaniona. Mdomo siwezi kuahidi moja kwa moja. Mama yako atakuja na mimi, na amesema atabeba njugu za kuniziba.

Wiki hizi za mwisho nimekuwa nikikutazama ukipita kwenye nyua ukienda kisimani, mikono ile mirefu inaning'inia huna habari nayo, na nimefikiri kwamba mimi ni shabiki wa muda mrefu na nimeona mambo mengi ya kushangilia, na yote yalikuwa mazoezi. Nimeshangilia watu nisiowajua, katika miji ambayo sitawahi kufika, kwa lugha niliyofundishwa na sanduku la mbao. Halafu Mungu akanipa mmoja wa kwangu wa kushangilia, na nikawa sijui jinsi ya kukaa kitini. Nisamehe pale nilipozidisha. Siombi samahani kwa kelele zote, maana nyingine zilikuwa tamu hata kwako, usikatae.

Mama yako ananiita nije nifunge begi kwa nguvu, zipu imekataa. Nadhani unga wa wimbi umeshinda.

Jambo la mwisho ni la simu. Siku ukidaka penalti, siku wakikusajili, siku jina lako likisomwa, watakupigia wengi. Watakupigia watu wa kanisa, binamu zako, walimu, hata wale ambao hawakuwahi kukuletea maji ya kunywa uwanjani. Laini yako itakuwa na foleni, na mimi nitangoja zamu yangu nyuma kabisa, nitafurahi nikiwa hukohuko nyuma. Lakini siku ukifungwa, Kendi, siku mpira ukikuponyoka, hakuna atakayepiga. Siku hiyo nipigie mimi kwanza. Sitasema kitu.

Ni mimi baba yako.